Sura ya Sita: Pigo la Mkono wa Kushoto

Wageni walitarajiwa saa tisa, na mpaka saa sita mchana Exaucée alikuwa hajui kama anawapikia wageni au anawapikia majirani. Kuku wawili walikuwa motoni, sombe ya majani ya muhogo ilikwisha kutwangwa, munkoyo, kinywaji cha mahindi, ulitulia kwenye ndoo chini ya kitambaa cheupe, na nywele alikuwa amesuka tangu Alhamisi. Kilichokosekana ni uhakika kwamba bwana mwenyewe atakuja.

Maana Ijumaa, siku mbili tu nyuma, alikuwa amemwambia Floribert Katongo maneno ambayo msichana mwenye akili hamwambii mwanaume anayekuja kwao Jumapili kugonga mlango wa posa. Kisha alichukua mkoba wake akaondoka, na mlango akaufunga kwa nguvu iliyopita kiasi. Floribert haoni, lakini mlango ule aliusikia vizuri sana.

Na waligombania nini? Pigo moja la ngoma. Ukitaka kucheka, cheka, hata Exaucée angecheka kama lisingekuwa pigo lililobeba ndoa yake.

Ilianza hivi. Papa Léonard, baba yake Exaucée, mstaafu wa reli, amepiga ngoma za Misa katika parokia yao ya Kamalondo kwa miaka thelathini na minane. Ngoma kubwa kwa mkono wa kulia, ngoma ndogo kwa mkono wa kushoto. Hakuwahi kuandika chochote, yote yamo mikononi mwake. Sasa kwaya ya kituo cha wasioona, kule upande wa Karavia, iliomba kupiga Misa ile siku ya Pentekoste, na padri akamsihi mzee mpaka akakubali. Exaucée akamrekodi baba yake kwa video ya simu, akapeleka rekodi kituoni, na huko akamkuta mtu wa kuziandika kwa braille, maandishi yanayosomwa kwa vidole.

Mtu huyo alikuwa Floribert. Shati limepigwa pasi, ndevu zimechongwa, na vidole virefu juu ya mashini ya chuma yenye funguo sita. Alikuwa akisikiliza kipande, anainamisha kichwa, anauliza swali moja au mawili, kisha anabonyeza ta-ta-ta mpaka kengele ndogo ya mwisho wa mstari inalia. Alimweleza kila alama ina nafasi ya nukta sita. Zile nne za juu zinasema ni ngoma gani inayopigwa, zile mbili za chini zinasema sauti inadumu muda gani. Ngoma kubwa aliipa jina do, ndogo akaiita sol. "Na kunyamaza iko na alama yake," alimwambia siku ile ya kwanza. "Bantu banafikiri kunyamaza ni fasi hakuna kitu. Mu braille ni lazima uiandike, vidole iipate."

Exaucée, ambaye alikuwa akitoka shuleni anakofundisha amechoka na kelele za watoto hamsini, alijikuta anaingoja Jumanne, halafu Ijumaa, halafu Jumanne tena. Miezi mitatu ikapita hivyo. Raha moja ya kumpenda mtu asiyeona, alijiambia, ni kwamba unaweza kumtazama unavyotaka wala hakuna anayekukamata. Alimtazama paji, akamtazama kidevu, akamtazama midomo inavyohesabu kimya kimya.

"Exaucée," alisema Floribert siku moja bila kuacha kubonyeza, "uko naniangalia."

"Nani amekuambia?"

"Uliacha kupumua."

Basi siku hiyo hawakumaliza ukurasa.

Papa Léonard alipoambiwa kwamba wanataka kuoana, hakupiga kelele. Alimaliza kwanza bukari, ugali wake wa jioni, akanawa mkono, ndipo akasema: "Mutoto wa bantu ni muzuri, sikatai. Lakini mi nilizaa binti, sikuzaa fimbo ya kipofu." Exaucée alilia wiki nzima. Mama Angélique, mama yake, akazungumza na mumewe asubuhi na jioni, mpaka mzee akalegea kidogo na kutoa sharti.

"Anasema masikio yake inamutosha. Bon. Akuye na bakubwa yake, akuye na makaratasi yake, apige Gloria yangu hapa mbele yangu vile aliiandika. Asikose ata pigo moja. Akikosa moja, basi njo vile atakosa mu nyumba yake, na mi sitatoa mutoto."

Ndiyo maana Ijumaa ile Exaucée alifika kituoni na moyo juu, akamtaka Floribert asome Gloria tangu mwanzo huku yeye anafuata kwenye video. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka mwisho wa mzunguko wa kwanza.

"Hapa fasi umeruka pigo," alisema Exaucée.

"Sikuruka. Hapa kuna kunyamaza."

"Floribert, mi niko naona. Mukono ya kushoto ya Papa inashuka pa ngoma ndogo. Vidole inagusa. Niko naiona."

"Inashuka, sikatai. Lakini ngoma haisemi."

"Inasema."

"Rudisha." Exaucée alirudisha. Wakasikiliza, na Floribert akatikisa kichwa. "Weye unaona mukono, basi masikio yako inajaza pigo. Mi sina mukono ya kuona. Kila mwisho wa mzunguko, pale pale, ngoma ndogo inanyamaza. Nimeandika vile."

"Na Papa anangojea kosa moja. Moja tu, Flory. Iandike. Juu yangu mi, iandike."

Floribert aliweka vidole juu ya funguo. Exaucée alidhani anabonyeza sasa hivi.

"Nakupenda," alisema hatimaye. "Kama naandika kitu sikusikia sababu nakupenda, siku nyingine nikikuambia nakupenda, utajua namna gani kama nilisikia ao niliandika tu?"

Lilikuwa neno zuri, na Exaucée angelitunza maisha yake yote kama asingekuwa amejaa hofu. "Unajiona fundi kushinda baba yangu," alisema. Mkoba. Mlango.

Tangu hapo, kimya. Exaucée hakupiga simu kwa kiburi. Floribert hakupiga kwa sababu, kama mnavyojua sasa, kimya kwake ni jambo lenye maana na hukipa nafasi yake.

Sasa Jumapili mchana, mikono imejaa mafuta ya mawese, Exaucée alitaka kusikia ngoma za baba yake apate moyo. Aliifungulia simu kwa kiwiko, akaiegemeza nyuma ya sufuria, kioo chake kimeelekea ukutani mvuke usikiharibu. Gloria ikaanza. Alikuwa anakoroga sombe, anaimba polepole, kichwa kinafuata do, do-do, sol, na mwisho wa mzunguko mwiko wake ukagonga ukingo wa sufuria mahali pa pigo la mwisho.

Mwiko uligonga peke yake.

Alisimama. Akafuta kidole kwenye kitenge, akarudisha rekodi nyuma bila kuigeuza simu. Do, do-do, sol, do, na kisha pale, hakuna kitu. Njuga za kwaya zinaendelea, sauti za akina mama zinaendelea, ngoma ndogo imenyamaza. Mzunguko wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu pia. Akaigeuza simu atazame: mkono wa baba unashuka, vidole vinagusa ngozi, na papo hapo alilisikia pigo waziwazi. Akafumba macho. Pigo likatoweka.

"Kumbe," alisema, akaketi juu ya ndoo tupu.

Lile pigo la mwisho baba yake hulipiga kwa ncha za vidole vya kushoto, taratibu. Mapigo mengine ya kushoto ni ya kiganja. Exaucée akaanza kukumbuka mambo aliyoyaona mwaka mzima bila kuyaona. Kikombe ambacho siku hizi mzee anakishika kwa mkono wa kulia tu. Sarafu zilizomwanguka kwenye kapu la sadaka. Mlango wa chumba cha wazazi unaofungwa kila asubuhi wakati wa kuvaa. Aliinuka, akapita ukumbini kimya kimya. Mlango ule siku hiyo ulikuwa haujabanwa vizuri. Ndani, Mama Angélique alikuwa amesimama mbele ya mumewe, anamfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, na mzee anatazama juu kwenye bati.

Mama alipokuja jikoni kuonja chumvi, Exaucée alimshika mkono.

"Mama, vidole ya Papa iko namna gani?"

Mama Angélique aliweka kijiko chini. "Nani alikuambia?"

"Ngoma."

"Ni mwaka mumoja sasa," alisema mama kwa sauti ya chini. "Ilikufa ganzi, vidole tatu ya kushoto. Munganga alisema haitarudia. Papa yako alinikataza kusema. Anaogopa watamutoa pa ngoma, wataweka kijana. Exaucée, leo bakwe banakuya. Mbele yao usiseme ata neno moja, unasikia? Atakufa na haya."

Hapo ndipo Exaucée alipoona shimo lilivyo refu. Floribert akipiga alichokiandika, mzee atasema amekosa, na ndoa imekwisha. Floribert akijitetea, baba anaaibishwa mbele ya wakwe ndani ya nyumba yake mwenyewe, na ndoa imekwisha vilevile. Alichukua simu akampigia Floribert mara nne. Imezimwa, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyetoka Misa akasahau kuiwasha. Mara ya tano hakumaliza kupiga, kwa sababu nje kulisikika sauti ya mwanamke ikiita hodi kwa mbwembwe zote za kijijini Kasomeno.

Alikuja, basi. Pamoja na hofu yote, moyo wa Exaucée uliruka kama wa mtoto siku ya Krismasi.

Aliyeita hodi alikuwa tantine Chileshe, shangazi yake Floribert, mama mnene mchangamfu aliyeshuka na lori kutoka Kasomeno akiwa na kapu la samaki wakavu na gauni la rangi ya chungwa. Nyuma yake, amemshika kiwiko, Floribert mwenyewe, koti la kijivu, fimbo nyeupe imekunjwa mfukoni, na chini ya kwapa bahasha nene ya makaratasi. Walikaribishwa barazani. Exaucée alibaki nyuma ya pazia la mlango, kama desturi inavyotaka, maana msichana hatoki mpaka aitwe aulizwe kama anawajua wageni. Kijana naye hasemi. Anakaa ameinamisha kichwa kama mshtakiwa, na wakubwa ndio wanaosema.

"Bakwe," alianza tantine Chileshe, "siye tulikuwa tunapita pa njia. Tukasikia harufu ya ua. Tukasema, tuingie tuulize, hii ua iko na mwenyewe?" Alisema hivyo kana kwamba walipotea njia, naye alikuwa amekaa kwa muda wa saa sita juu ya magunia ya mahindi kuja kuuliza swali hilo.

"Ua iko," alijibu Papa Léonard. "Lakini mama, samahani. Leo nitavunja desturi kidogo. Nitasema na kijana mwenyewe." Akamkazia macho kijana. "Katongo, ulileta kazi yangu?"

"Niliileta, Papa."

"Ngoma ni hizi hapa mbele yako. Soma, piga. Gloria, mizunguko mitatu inatosha."

Floribert alifungua bahasha, akaweka karatasi juu ya magoti. Mpiga ngoma asiyeona hawezi kusoma na kupiga kwa wakati mmoja, mikono ni ileile miwili. Alipitisha vidole juu ya mistari mitatu, midomo inahesabu, akarudia mstari mmoja, akaweka karatasi pembeni. Kisha akaipapasa ngoma kubwa, akaipapasa ndogo, akaanza.

Alipiga vizuri. Hata kuku wa jirani waliacha makelele. Tantine Chileshe alianza kutikisa mabega kitini, na uso wa Papa Léonard, uliokuwa umekazwa kama wa hakimu, ulikuwa unalainika pasipo ruhusa yake. Ukafika mwisho wa mzunguko. Mkono wa kushoto wa Floribert ukabaki hewani, na ngoma ndogo ikanyamaza.

"Simama," alisema mzee.

Floribert akasimamisha.

"Pale umeruka pigo."

Floribert aliinamisha kichwa.

"Rudia."

Alirudia. Mwisho wa mzunguko, kimya kilekile. Tantine Chileshe aliacha kutikisa mabega.

"Fasi ile ile," alisema Papa Léonard, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. Pengine alikuwa ameanza kumpenda kijana, na sasa kijana anamharibia. "Mukono yangu ya kushoto inapiga pale. Ni miaka makumi tatu na nane inapiga pale. Mutoto wangu eko na video. Exaucée, kuya hapa."

Pazia likafunguka. Exaucée alitoka akapiga goti kuwasalimu wageni, na mama yake aliyeshika jagi la munkoyo alimtazama kwa macho yaliyokuwa yakisema jambo moja tu.

"Uliniangalia saa nilipiga," alisema baba. "Pale mwisho, mukono inashuka ao haishuki?"

"Papa, tafazali, usimuulize yeye," Floribert aliinua kichwa. Desturi ilikwisha kuvunjika, basi naye akaivunja kabisa. "Yeye aliniambia pigo iko. Ijumaa alinilaumu mpaka akachoka. Mi njo nilikataa kuiandika. Kama ni kosa, ni yangu mi mwenyewe."

"Na juu ya nini ulikataa?"

Exaucée alimwona Floribert anavuta pumzi, na akaelewa kila kitu kwa mara moja. Mtu huyu alijua. Alijua tangu zamani kwa nini ngoma ndogo haisemi: sikio lililosikia pumzi yake ikikatika lisingekosa kusikia mguso wa vidole vilivyokufa ganzi. Angeweza kulisema hapa, akashinda mtihani. Alikuwa anauma midomo asiseme. Exaucée alimpenda wakati ule kuliko siku zote za Jumanne na Ijumaa zikijumlishwa pamoja.

"Papa," alisema, "nitakujibu. Lakini mbele ya kujibu, nakuomba kitu kimoja. Funga macho."

"Nifunge macho?"

"Kidogo tu. Mi binti yako, sitakuibia kitu."

Tantine Chileshe alicheka, na kicheko kile kilisaidia. Mzee akafumba macho, nusu amekasirika, nusu anacheza. Floribert akampisha, naye Exaucée akaketi kwenye kiti cha ngoma. Hakuwa mpigaji wa kanisani, lakini alikuwa amekulia chini ya ngoma zile, na mzunguko mmoja wa Gloria aliuweza.

"Hii ya kwanza," alisema, akapiga. Mwisho wa mzunguko vidole vyake vikaigonga ngoma ndogo, *sol*, wazi kabisa.

"Na hii ya pili." Akapiga tena. Safari hii mkono wake ulishuka vilevile, vidole vikagusa ngozi vilevile, lakini bila kuiamsha. "Papa, mbili hizi, gani iko yako?"

Wageni walidhani ni mchezo wa baba na binti. Tantine Chileshe alikuwa anatazama huku na huku kama mtu anayesubiri jibu la kitendawili. Mama Angélique alikuwa amelishika jagi kwa mikono miwili. Papa Léonard alibaki amefumba macho, na mkono wake wa kulia ukaenda polepole ukaukuta wa kushoto juu ya goti, ukaufunika.

Exaucée alihesabu mizunguko minne mizima kichwani.

"Ya pili," alisema mzee.

"Bakwe, samahani," tantine Chileshe hakuweza kuvumilia, "siye ba Kasomeno hatujue hii mambo. Pigo ilipotea ao haikupotea?"

"Haikupotea, mama." Mzee alifumbua macho, akamtazama Floribert kwa muda mrefu. "Ya kwanza ilikuwa yangu zamani. Ya pili njo yangu ya leo. Kijana aliandika ya leo. Padri hakuisikia. Kwaya muzima haikuisikia, na banakaa nyuma yangu kila Jumapili." Akakohoa. "Exaucée."

"Papa."

"Huyu muntu unamujua?"

Lilikuwa ndilo swali la desturi, lile alilolisubiri tangu Alhamisi alipokuwa anasuka nywele.

"Namujua, Papa."

"Bintu yao, ile balileta, tupokee?"

"Mupokee."

Vigelegele vya tantine Chileshe vilivuka ukuta, vikaenda mpaka barabarani. Mama Angélique hatimaye akakumbuka kwamba ana jagi mkononi, akamimina munkoyo kwenye vikombe vyote, hata kile kilichokuwa kimejaa.

Kabla ya kula, Exaucée alileta beseni, na kwa haraka alisahau kandambili zake jikoni, akaja peku. Aliwanawisha wakubwa kwanza. Alipofika kwa Floribert alimimina maji polepole kuliko ilivyohitajika.

"Ijumaa nilisema mubaya," alinong'ona.

"Mulango ilisema mubaya kushinda weye."

"Unisamehe."

"Nilishakusamehe pa Misa. Nilikuwa nangojea tu saa tisa ifike." Vidole vyake vikakipata kidole cha Exaucée chini ya maji, vikakishika. "Ulifanya namna gani kusikia?"

"Sufuria ilifunika simu. Sikuona kitu, basi nikasikia." Akamimina tena kidogo. "Na weye ulijua yote, ukataka kunikosa mi juu ya kulinda baba yangu."

"Sikutaka kukukosa. Nilikuwa natafuta njia, lakini sikuipata. Weye njo uliipata." Akainamisha kichwa vile alivyofanya mbele ya mashini. "Exaucée, uko naniangalia."

"Ndiyo. Na Papa anatuangalia siye wote wawili, achia kidole."

Aliachia, lakini taratibu sana.

Walikula mpaka kuku wakabaki mifupa, na tantine Chileshe akaomba sombe mara tatu. Saa kumi na moja wageni wakaaga. Ilibidi mtu amshike Floribert mpaka getini, na Exaucée alipojongea, baba yake akamtangulia.

"Shika hapa," alisema Papa Léonard, akampa mkwe wake mkono wa kushoto. Yule aliyesema hakuzaa fimbo ya kipofu, sasa anapita katikati ya kiwanja chake mwenyewe akiongoza kipofu, hatua fupi fupi, anamwonya penye shimo. Exaucée aliwafuata na tantine, na alikuwa karibu vya kutosha kusikia.

"Finya vidole yangu," alisema mzee.

"Nimefinya, Papa."

"Mi sisikii kitu."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu rekodi ya kwanza."

"Na ukanyamaza miezi mitatu."

"Sikunyamaza, Papa," alisema Floribert. "Niliandika."

Mzee alisimama. Exaucée aliona mabega ya baba yake yanatikisika, akashtuka kwa kudhani analia, kumbe mzee alikuwa anacheka, kicheko cha tumboni ambacho nyumba ile haikukisikia mwaka mzima.

"Basi usifute," alisema. "Pentekoste, bakiniuliza juu ya nini ngoma ndogo inanyamaza pale, nitabaambia: muende musome, iko mu kitabu."

Waliagana getini, wakaagana tena, kwa kuwa tantine Chileshe alikuwa na la kuongeza. Papa Léonard alirudi barazani, akajitupa kitini, akavuta kola ya shati la sherehe lililomkaba tangu mchana. Wageni walikuwa bado hawajapanda teksi. Geti lilikuwa wazi, na majirani wawili walikuwa wamesimama pale wanatazama ni nani aliyepiga vigelegele.

"Angélique," aliita kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie, "kuya unifungulie bifungo. Hii vidole yangu haitaki tena kazi."

Mama Angélique, aliyekuwa akifanya kazi ile mwaka mzima nyuma ya mlango uliofungwa, alijifuta mikono kwenye kitenge, akatoka mpaka barazani mbele ya watu wote, akaanza na kifungo cha juu.